Ulifanyiwa upasuaji wa moyo utotoni? Ulizia aota yako

Nilizaliwa na tetralojia ya Fallot, ugonjwa wa kasoro nne za moyo unaowafanya watoto wawe na midomo ya bluu. Nilipelekwa India nikiwa mdogo, tundu la ndani ya moyo likazibwa, njia ya damu kwenda mapafuni ikapanuliwa. Nyumbani ikawa shangwe: mtoto kapona. Ukubwani, kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikaonyesha shina la aota, pale mshipa huo mkuu unapoanzia moyoni, limetanuka.

Kwetu sisi hili ni jambo la kawaida. Kabla ya upasuaji, damu iliyokosa njia ya mapafuni iliingia kwa wingi kwenye aota, na kuta zake mara nyingi ni dhaifu tangu kuzaliwa. Aota kuchanika ni nadra sana kwa waliofanyiwa marekebisho ya tetralojia, lakini ufuatiliaji ni wa maisha.

Ninachosisitiza zaidi ni namba. "Imetanuka kidogo" haitoshi. Omba milimita, sehemu iliyopimwa na aina ya kipimo. Eko yangu ilisoma 41, CT (skani ya eksirei inayopiga picha za tabaka za mwili) ikasoma 44, nikakosa usingizi. Daktari akafungua picha zote mbili kwenye skrini, akapitisha kalamu juu yake: shina la aota si duara, lina vifuko vitatu. Eko ilikata mstari mmoja. CT ilipima kutoka kifuko hadi kifuko. Aota haikuwa imekua. Tangu hapo nalinganisha eko na eko, CT na CT, na nakala zote nazitunza mwenyewe. Kwa tetralojia, upasuaji wa aota kwa kawaida huanza kufikiriwa ikifika kama milimita 55.

Jingine ni sipro (ciprofloxacin), antibiotiki ya kundi la fluorokwinoloni. Dawa hii tunaipata kirahisi mno madukani. Desemba 2018, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, hasa kwa mwenye aota iliyotanuka. Mwambie mfamasia hali yako kabla hajafungua kopo, uulize mbadala.

Presha idhibitiwe. Tembea, fanya mazoezi, ila kunyanyua vyuma vizito huku umebana pumzi, achana nako. Dada zangu, muoneni daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba.

Na yakikushika ghafla maumivu makali ya kifua yanayochana hadi mgongoni, nenda hospitali saa hiyohiyo, na neno la kwanza mapokezi liwe: "Aota yangu imetanuka."