Nimeuza dagaa walionyeshewa, sasa Biblia inanishinda kuifungua

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 36, naanika na kuuza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ni Mkatoliki, na kwenye jumuiya yetu ndiye msomaji wa Injili. Kila alfajiri, kabla boti hazijaingia, nilikuwa nasoma masomo ya siku kwa tochi ya simu.*

*Mwezi wa kumi na moja mvua ilinikuta dagaa wangu wakiwa mchangani. Walilowa, wakapoteza ung'avu, wakawa wekundu na harufu juu. Na mimi Ijumaa nilikuwa na marejesho ya mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikawaanika tena, nikawaweka katikati ya gunia, wazuri chini na juu, nikamtumia mteja wangu wa Tabora kwa treni. Mama huyo ameniamini miaka sita, mzigo wangu hata haukagui. Alipofungua akanipigia. Nikamwambia labda wamenyeshewa huko stesheni kwenu. Akaamini. Siku mbili baadaye akaniambia amemnyima kijana wa mkokoteni ujira wake, shilingi 3,000, kwa kuacha mzigo wa watu mvuani.*

*Wiki ile ile jumuiya tukasoma habari za Zakayo. Nilisoma vizuri mpaka pale "namrudishia mara nne", sauti ikakata. Nikasingizia macho. Tangu siku hiyo Biblia siifungui. Mume wangu anasema biashara ni biashara, Neno lina siku yake. Shangazi, niache kusoma mbele za watu? Na huyo mama nimwambie, au nitubu kwa Mungu tu yaishe?*

*Mama wa Kibirizi*

Marahaba, mwanangu.

Niko Tabora, kwa hiyo barua yako nimeisoma kutoka upande ambako magunia yako yanashukia. Nawajua akina mama wanaopokea dagaa wa Kigoma. Gunia likifika, mwenyewe analifungua kwa kisu kidogo, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi na kuinusa kabla hata hajaitazama. Asipofanya hivyo, ujue anamwamini aliyefunga. Mteja wako alikuwa ameacha kuingiza mkono. Miaka sita imeingia kwenye kitendo hicho kimoja, na nadhani ndicho kinachokuuma zaidi ya dagaa wenyewe.

Nianze na Biblia uliyoifunga, maana hapo ndipo umejihukumu vibaya. Unadhani Neno limekukataa kwa sababu sauti ilikukata. Mimi naona siku ile ndiyo ulisoma. Yakobo, katika sura ya kwanza ya barua yake, anasema juu ya mtu anayejiangalia kwenye kioo, kisha "huenda zake, mara akasahau jinsi alivyo". Huyo ndiye Yakobo anayemwonea huruma, mtu anayesikia na kuondoka salama. Wewe hujasahau. Umejiona uso wako kwenye kioo, ukakifunika kitambaa. Hilo ni kosa jingine kabisa, na dawa yake ni nyepesi kuliko unavyoogopa: ondoa kitambaa. Kesho alfajiri fungua Luka sura ya 19 pale pale ulipokwama, usome mpaka mwisho. Ulikwama kabla hujafika kwenye jibu la Yesu, kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu. Amelisema neno hilo akiwa ndani ya nyumba ya mtu aliyekuwa bado hajamrudishia yeyote hata senti. Zakayo alikuwa amesimama tu, akasema kwa mdomo wake mbele ya watu atakachofanya.

Sasa swali lako la mwisho, la kutubu kwa Mungu tu yaishe. Hapana, mwanangu. Nenda kwenye kitubio, nakusihi uende, na padre atakuambia mwenyewe kwamba kuna kilichobaki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inaposema kwamba haki iliyovunjwa hudai kurudisha mali ya mtu, inamtaja huyu huyu Zakayo wako. Mungu anasamehe dhambi, lakini dagaa wekundu bado wako mezani kwa mama wa Tabora, na hasara ni ya kwake.

Tena tazama lile neno ulilokwama nalo, neno zima: "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila". Kwa hila. Wewe hukumwibia mtu mfukoni. Ulipanga wazuri chini na juu. Nabii Amosi, sura ya 8, anawasema wafanyabiashara waliokuwa wakiona Sabato inachelewa kwisha, wanatamani ipite wafungue ghala, wapunguze kipimo, wauze hata takataka za ngano. Watu hao walisali. Walifunga maduka siku ya Mungu kama inavyotakiwa. Mume wako anaposema Neno lina siku yake, anasema walichokuwa wakikisema wao, na simlaumu sana, maana wengi wetu tunaishi hivyo bila kukitamka. Usigombane naye kwa mistari. Mwambie tu unachokwenda kufanya na itakugharimu kiasi gani, kwa sababu hela ya nyumba ni yenu wote wawili.

Kuhusu kiasi. Mara nne za Zakayo zilikuwa furaha yake mwenyewe. Torati ilidai mara nne kwa mtu aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Kwa mtu aliyemdanganya mwenzake kisha akaungama, Walawi sura ya 6 na Hesabu sura ya 5 zinasema arudishe chote na aongeze sehemu ya tano. Siyo kwamba wewe uko chini ya Torati, ila nimekuletea kipimo hicho kwa sababu najua hofu yako: unafikiri kurudisha kutakufilisi. Piga hesabu. Dagaa walioharibika kwenye gunia lile walikuwa kilo ngapi? Kama wangeuzwa kwa jina lao halisi, dagaa wa kuku, yaani wa chakula cha kuku, wangeleta bei gani? Tofauti kati ya bei hiyo na aliyolipa yeye ndiyo deni lako, ongeza sehemu ya tano juu yake. Ukishaiandika kwenye daftari itakuwa namba, na namba hulipika, hata kwa awamu, hata kwa kukata kwenye mizigo miwili ijayo akikubali. Akikataa mizigo ijayo, ni haki yake. Hapo utalipa kwa simu kidogo kidogo, na hutakuwa na la kulalamika.

Lakini kuna jambo kwenye barua yako umelipita haraka, na mimi nimelirudia mara tatu. Kijana wa mkokoteni.

Mdomo wako uliposema uongo, ulihitaji mtu wa kubeba lawama, akapatikana asiyekuwepo kwenye mazungumzo. Alisukuma gunia lako kutoka stesheni hadi sokoni, pengine kwenye matope maana mvua ilikuwa huku pia, akafika, akaambiwa yeye ndiye aliyeharibu mzigo. Hakuwa na namna ya kujitetea, kwa sababu hakujua kilichokuwa ndani. Nawaona vijana hawa kila siku. Shilingi 3,000 ni chakula chake cha siku na huenda hela ya kukodi mkokoteni wenyewe. Na jina lake je? Pale sokoni mtu akiitwa mzembe mara moja, mwezi mzima anapitwa na mizigo. Mama wa Tabora ulimdanganya, kijana ulimponza kabisa. Mimi kama ningekuwa na nafasi ya kulipa deni moja tu wiki hii, ningeanza na la huyu. Elfu tatu na sehemu yake ya tano ni 3,600. Hiyo unayo leo, mwanangu, hata kabla boti hazijaingia.

Nikuambie kitu kuhusu mama yangu mzazi. Aliuza karanga hapa Tabora miaka mingi, hakujua kusoma. Akipima, alijaza kopo, akaligonga chini mara mbili, akalitikisa karanga zikae, akaongeza konzi nyingine hadi zikaanza kuanguka, na zilizoanguka nazo akazifagia kwa kiganja kwenye mfuko wa mteja. Siku moja kanisani likasomwa lile la Luka 6, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Akanigusa bega akaninong'oneza, "Huyu amewahi kusimama sokoni." Maisha yangu yote sijasikia mahubiri ya mstari ule yaliyonikaa kama neno lile. Kwake Biblia haikuwa kitu cha kupeleka sokoni, aliikuta kule kule. Nawe jaribu kusoma hivyo. Chukua neno moja la alfajiri, moja tu, uende nalo kwenye chanja, ulirudie unapogeuza dagaa. Siku ile ya mvua, kama kichwani ungekuwa na neno "kwa hila", sidhani kama mkono wako ungepanga vile.

Niache kusoma mbele za watu? Mathayo 5 inamwambia aliyekumbuka kosa akiwa madhabahuni aiache sadaka pale, "uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako". Watu hukumbuka kuiacha sadaka, wanasahau "kisha urudi". Jumuiya ijayo kama bado hujampigia mama, mwombe mwenzako asome, wewe kaa, sikiliza. Ukishapiga, rudi kwenye usomaji. Usijipe adhabu ya mwaka mzima ambayo hakuna aliyekupa. Na usisimame kutoa ushuhuda wa jambo hili mbele ya jumuiya, angalau si sasa. Mwalo ni mdogo, na maneno yatamfikia mteja wako kabla ya simu yako.

Kuna jambo jumuiya inaweza kufanya bila kujua lako. Mnatumia zile hatua saba za kushirikishana Injili, bila shaka: kumwalika Bwana, kusoma, kuchagua maneno na kuyarudia, kukaa kimya, kushirikishana, halafu ya sita, tunaitwa kufanya nini, kisha sala. Nimekaa kwenye jumuiya nyingi, na hatua ya sita kila mara tunaikimbia kwa sababu giza limeingia na ya tano imekuwa ndefu. Tunaamua kumtembelea mgonjwa, ambalo ni jema, tunafunga. Lakini nyinyi wengi wenu pale mnaanika dagaa, na tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, najua mitaji imebaki kidogo na marejesho hayasubiri. Mvua ikimkuta mama mwenye dagaa mchangani, hana turubai, na Ijumaa ina marejesho, jaribu lako litamkuta naye. Hatua ya sita uliza: turubai kubwa moja la pamoja ni bei gani? Nani ana nafasi kwenye chanja zake? Tukikubaliana kwamba walionyeshewa wote wanauzwa kama dagaa wa kuku, mnunuzi wa pamoja tutampata wapi? Maswali hayo ni ya Injili kabisa, mwanangu, ingawa yananuka dagaa.

Kwa mama wa Tabora, piga simu, usitume ujumbe. Piga jioni, akishafunga meza, uwe na salio la kutosha isije ikakata katikati. Usianze na mvua wala VICOBA, maana ukianza na sababu atakuhurumia kabla hajajua. Sema hivi: "Mama, mzigo ule wa mwezi wa kumi na moja haukunyeshewa stesheni. Ulinyeshewa kwangu, nami nikaufunga nikijua. Nilikudanganya." Halafu nyamaza. Atanyamaza naye, au atapaza sauti, au atakata simu. Akikata, usimpigie tena usiku huo. Kesho yake mtumie hesabu uliyoiandika, namba tupu.

Sitakuahidi kwamba atabaki mteja wako. Naomba abaki. Ningekuwa mimi, ningebaki, ila ningerudi kuingiza mkono kwenye gunia kwa muda mrefu, na wewe ungenivumilia.

Kabla hamjaagana, mwombe jina na namba ya yule kijana. Hela yake mtumie yeye mwenyewe, usiiunganishe na ya mama. Na umwombe mama, siku kijana akipita pale na mkokoteni, amwambie mbele ya wenzake kwamba mzigo haukuharibika mikononi mwake.

Shangazi yako,
Tabora