Kaza lini, legeza lini? Maswali ya mkekani

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka mitaa mbalimbali ya Mombasa, na karibu zote zina malalamiko mamoja kuhusu jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana mkekani kwa kabali na kufunga viungo: mwili unakakamaa, nguvu zinaisha, mtu mdogo anashinda. Nazijibu moja baada ya nyingine. Majina nimeyaacha, mitaa nimeibakiza.

Nafanya kazi ya kupakua mizigo Kilindini. Gunia la kilo 50 si kitu kwangu. Lakini mkekani, dakika ya pili haijaisha, mikono imejaa na vidole havifungi tena. Kijana mwembamba wa chuo ananipiga kabali kila siku. Ni pumzi au ni nini? (Likoni)

Ndugu yangu, pumzi yako haina neno. Kinachokuangusha ni vigasha. Msuli ukikazwa kwa nguvu bila kuachiwa, unaibana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Damu mpya haiingii vizuri, uchafu wa kazi hautoki, na msuli unavimba na kuwaka moto. Akiba ya nguvu ya papo hapo iliyomo kwenye msuli ni ya sekunde kama kumi tu za kazi ya juu kabisa. Baada ya hapo msuli hula kile kinacholetwa na damu, nawe njia yake umeiziba mwenyewe.

Tena jitazame ukiwa kazini. Gunia hulibebi kwa vidole. Linakaa mgongoni, miguu ndiyo inayofanya kazi, na mkono unalizuia tu lisiteleze; ukifika unalitua, msuli unapumzika. Basi kola ya koti la mazoezi la mwenzako ishike hivyo hivyo. Vidole vinne viwe ndoano, gumba lisibane, kiwiko kikae karibu na mbavu, halafu uvute kwa mgongo na kwa kusogeza nyonga. Na kila mshiko uulize una kazi gani sasa hivi: unavuta, unasukuma, au unazuia? Usipokuwa na jibu, uachie, utashika tena baadaye. Wengi hushika kola salamu inapotolewa wakaiachia wanapogonga, yaani wanapopiga kiganja kukubali kushindwa, na katikati hapo hawakuitumia hata mara moja.

Kuna jambo la pili. Mtu mpya hukaza msuli wa kukunja mkono na wa kunyoosha mkono kwa wakati mmoja, kwa hiyo nguvu zake zinapigana zenyewe kwa zenyewe kabla hazijamfikia mpinzani. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha jinsi mishipa ya fahamu inavyoulegeza msuli wa upande mmoja ili wa upande wa pili ufanye kazi. Mwili wako unajua hilo ukiwa bandarini. Mkekani woga unauvuruga.

Zoezi: kwa wiki chache, raundi moja kila siku ya mazoezi, usishike kitambaa kabisa. Tumia viganja vilivyo wazi, ndoano za miguu, kwapa. Utapigwa, tena sana. Vumilia, huyo kijana wa chuo ataanza kukuhisi.

Kocha wetu hana neno jingine ila "Legea! Legea!" Nikilegea, gadi (miguu yangu inayomzuia mpinzani) inapitwa na ninakaliwa kifuani. Nikikaza, nachoka. Anataka nini huyu? (Mkanda wa bluu, Bamburi)

Nakuonea huruma wewe, na kocha wako pia, kwa sababu amri hiyo haimwambii mtu alegeze nini na abakize nini.

Ukiwa chini, vya kulegeza ni taya, mabega, vidole na uso. Taya hasa. Mtu aliyeuma meno mara nyingi ukimtazama utaona mabega yamepanda masikioni. Visivyolegezwa ni umbo la mwili: viwiko karibu na mbavu, magoti karibu na viwiko, kidevu ndani. Hapo hakuhitajiki nguvu nyingi, kunahitajika kutosahau.

Sasa fremu, yaani mikono iliyopangwa kama nguzo kati yako na yeye. Kigasha kimoja shingoni mwake, kingine nyongani mwake, na uzito wake upite kwenye mfupa wako ushuke begani hadi mkekani. Ikipangwa vizuri, misuli inafanya kazi ndogo ya kuuweka mfupa mahali pake. Wengi hawafanyi hivyo. Wanamsukuma mtu kwa mikono kama wako chumba cha vyuma, mkono unanyooka, na mkono ulionyooka ni zawadi kwa anayetaka kuufunga. Mkono usimsukume mtu. Uache mkono pale ulipo, uondoe nyonga zako. Nafasi inapatikana kwa wewe kuondoka, si kwa yeye kuondolewa.

Kukaza kuna saa yake nako. Kaza unapopiga daraja (kuinua nyonga juu ukiwa chali), unapochomoa nyonga, unapompindua, unapomalizia kabali. Kaza mwili mzima kwa pamoja, sekunde mbili au tatu, kisha rudi. Hata kanuni za mashindano ya shirikisho la IBJJF zinataka nafasi ishikiliwe sekunde 3 ndipo pointi zitolewe: 2 za kumpindua, 3 za kupita gadi, 4 za kumkalia kifuani. Basi umempindua? Kaza sekunde hizo tatu, mtulize, kisha punguza. Kosa ni kubaki umekaza dakika nzima ukishangilia moyoni.

Na ukiwa juu, mambo yanageuka kabisa: mzito ni aliyelegea. Ukijishikilia kwa magoti na viganja, uzito wako unaingia mkekani wala haumfikii mwenzako. Jaribuni wawili. Mlalie mwenzako kwa ubavu, kifua juu ya kifua, ukaze kila kitu, umuulize anasikiaje. Halafu toa pumzi yote, inua magoti ubaki na vidole vya miguu, acha kifua kizame. Hatakujibu kwa maneno, ataguna. Kwa maoni yangu hapa ndipo kulegeza kunapolipa upesi kuliko kwingine kote, na ndipo panapofundishwa mara chache.

(Kuna na wale wanaolala mkekani kama wamefiwa, wanapitwa gadi mara sita, kisha wanasema wanatumia ufundi badala ya nguvu. Hao siwazungumzii.)

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya mazoezi katika darasa la wanawake. Nikikaliwa kifuani na aliyenizidi uzito nabana pumzi, moyo unaenda mbio, nataka kulia. Nagonga hata sijapigwa kabali, naona haya. (Mji wa Kale)

Dada yangu, haya ya nini? Kugonga kwa kukosa pumzi ni kugonga halali, na katika mashindano makubwa watu hugonga kwa kukandamizwa tu. Ondoa hilo kwanza.

Kinachotokea ni kwamba hofu inakufanya uvute pumzi na kuishikilia. Kifua kimejaa, mbavu zimekaza, na juu yake kuna mtu. Hata ungetaka kuvuta nyingine hakuna pa kuiweka. Kwa hiyo anza kwa kutoa. Toa taratibu, midomo ikiwa imefumba nusu, hadi tumbo liingie ndani. Ya kuingia itakuja yenyewe. Mapigo ya moyo hupungua kidogo mtu anapotoa pumzi na kuongezeka anapovuta, ndiyo maana tunarefusha ya kutoa. Na kwa kuwa mbavu za mbele zimekaliwa, elekeza hewa tumboni na kwenye mbavu za kando na za mgongoni. Ukiweza kugeuka kiubavu hata kidogo, mzigo unapungua mara moja.

Mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akukalie kwa nusu ya uzito wake, muda mfupi, bila kushambuliana. Kazi yako ni kutoa pumzi tu. Ukizoea, aongeze uzito, kisha muda, kisha ndipo uanze kutafuta njia ya kutoka. Kubali kwenda polepole. Na kama hofu hiyo imetoka mbali, nje ya mkeka, usiilazimishe. Mwambie mwalimu wako au mtu unayemwamini, mpange darasa lako kwa namna nyingine.

Wenzangu hutafuna muguka kidogo kabla ya darasa, wanasema unaondoa woga. Nijaribu? (Kisauni)

Hapana. Muguka, kama miraa nyingine, una kathinoni, kichocheo kinachopandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mdomo unakauka, taya linakaza, usingizi wa usiku unapotea. Utaingia mkekani umekwisha kukakamaa kabla hujashikwa na mtu.

Ramadhani tufanye mazoezi au tuache? (Majengo)

Fanyeni kwa akili. Joto la Mombasa lina unyevu, jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ongeza koti zito la pamba na milango iliyofungwa. Kabla ya futari iwe ufundi tu, mwendo wa pole, bila kushindana. Wengine hata huvua koti. Raundi za kweli zingojee baada ya tarawehe, mtu akiwa amekunywa maji. Mwezi huo una faida yake: hakuna nguvu ya kupoteza, kwa hiyo kila anayekaza ovyo anajigundua. Lakini mtu akianza kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kutapika, mtoeni nje, mvueni koti, mmwagieni maji, na asipopata nafuu upesi apelekwe hospitali. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Asione aibu kuitumia.

Nina miaka 54, nafanya mazoezi pamoja na mwanangu. Nikifungwa kiwiko naukaza mkono kwa nguvu zangu zote. Mwanangu anasema nitavunjika. (Mikindani)

Shikamoo mzee wangu. Kijana ana haki.

Kukaza kunasaidia mapema, mkono ungali umekunjwa na viganja vimeshikana. Hapo kaza, na wakati huo huo hangaika kutoka. Mkono ukishanyooka, msuli mmoja wa mkono unapambana na nyonga na mgongo mzima wa mtu mwingine, na hesabu hiyo haikubali. Mwaka 1951, huko Rio de Janeiro, Hélio Gracie mwenyewe, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alifungwa bega na Mjapani Masahiko Kimura akakataa kugonga. Mkono ulivunjika, watu wake wakarusha taulo. Kufuli lile hadi leo tunaliita Kimura. Gracie alikuwa akipigana mbele ya uwanja uliojaa watu. Wewe ni jioni ya Jumanne, na kesho una kazi. Gonga mapema.

Kwa kuwa umri huu mwili hukakamaa hata kitandani, jaribu njia ya daktari wa Marekani Edmund Jacobson, aliyoitangaza miaka ya 1920. Lala chali, kaza kundi moja la misuli sekunde chache, mguu tuseme, kisha uachie ghafla na usikilize tofauti. Panda juu hadi usoni. Watu wengi hawajui kama mabega yao yamekaza mpaka wayakaze zaidi kwa makusudi.

Nina shingo nene. Nikiikaza, kabali ya nyuma itanipata? (Changamwe)

Itakupata. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani ipo pande mbili za shingo, na ikibanwa sawasawa mtu huzimia ndani ya sekunde kumi hivi. Kukaza shingo kunachelewesha kidogo. Muda huo utumie kuushika mkono unaokukaba kwa mikono yako miwili, si kuonyesha shingo.

Mwezi ujao nashindana Nairobi kwa mara ya kwanza, mkanda mweupe. Nasikia mikono huisha kabla ya mechi. Nijiandaeje? (Tudor)

Kwa kanuni za IBJJF, mechi ya mtu mzima wa mkanda mweupe ni dakika 5, nusu ya ile ya mkanda mweusi. Tatizo ni kwamba woga hukufanya uzitumie zote ndani ya dakika ya kwanza.

Mikono ikubali kujaa, ila ijae kabla ya mechi. Kama robo saa kabla ya kuitwa, pasha mwili moto hadi jasho litoke, kisha shikaneni na mwenzako raundi fupi ya nguvu kweli. Vigasha vitawaka, moyo utapanda. Kisha tembea, tikisa mikono, toa pumzi ndefu. Wewe mtu wa Pwani umezoea mwili kupata moto bila kuombwa. Nairobi ni baridi, na iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hivyo anza mapema kuliko ulivyozoea hapa, na ukimaliza vaa sweta juu ya koti. Ukiweza, fika siku moja kabla, usishuke basi la usiku ukaenda moja kwa moja uwanjani.

Ndani ya mechi chagua mapema mshiko wako wa kwanza na kitu kimoja utakachofanya nao. Kila unaposukuma au kuvuta, toa pumzi kwa sauti. Asiyesikia pumzi yake ameibana. Ukipata nafasi nzuri, hesabu tatu, legeza mabega, ndipo utafute inayofuata. Mwombe aliyekaa pembeni akukumbushe pumzi tu, maelekezo mengine hutayasikia. Na kucha za mikono na miguu uzikate nyumbani, maana waamuzi huzikagua mlangoni na mkasi wao haujulikani umepita wapi.