Mpaka Uliotokana na Suluhu ya 1639

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Barazani kwetu tumebishana: je, mpaka wa Iraki na Irani ulitokana na mkataba wa kale? Msomaji, Lamu.

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yetu. Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Mkataba wa Zuhab wa Mei 1639 ulimaliza vita vilivyoanza 1623 baina ya dola ya Uthmaniya ya Waturuki na dola ya Safawi iliyotawala Irani, miezi michache baada ya Sultani Murad IV wa Uthmaniya kuitwaa Baghdad. Iraki ikabaki kwa Waothmani, Yerevan (mji mkuu wa Armenia ya leo) kwa Wasafawi. Lakini, na hili ndilo husahauliwa mno, mkataba ulitaja ngome, milima na makabila, si mstari kamili. Kwa hiyo ilibidi mkataba mwingine wa Erzurum, mwaka 1847, uunde tume ya kupima mpaka huo.