Shangazi, zimebaki siku 19

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nipo ng'ambo kwa muhula mmoja, zimebaki siku 19. Nina insha mbili na mtihani. Wenzangu kila wikendi wanazunguka miji, mimi niko maktaba na orodha ya mahali nilipoapa kufika na sijafika. Mwezi wa kwanza nilikuwa nahesabu siku za kurudi. Juzi nakunja nguo kwenye chumba cha kufulia, machozi yakanitoka, sijui hata ya nini. Nina kasoro gani?
Wa Chumba Namba 6

JIBU: Marahaba mwanangu. Kasoro huna. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norwei, aliandika juu ya Wanorwei zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na taabu zaidi ya kuzoea kuliko waliokaa chini ya hapo au zaidi ya hapo. Muhula wako haufiki miezi 6, kwa hiyo uko kwenye kundi lililozoea vizuri. Yaani unang'olewa mizizi ndiyo kwanza inashika; usilie kwa nini? Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba taabu hiyo humpata mtu mara ya pili akisharudi kwao. Basi ukifika nyumbani ukakuta habari zako zinawachosha watu baada ya dakika tano, usishtuke.

Lakini kilichonifanya nikujibu haraka si machozi, ni makaratasi. Mimi nilirudi na picha 200 na zawadi za ukoo mzima, bila muhtasari wa kozi hata moja. Chuo cha nyumbani kikauliza: kozi hii ilifundisha nini, saa ngapi? Nikamwandikia mhadhiri, yuko likizo. Barua pepe yangu ya chuo cha ugenini ilikwisha kufungwa, na kila kitu kilikuwa humo. Nikairudia kozi niliyokwisha kuifaulu, nimebanana dawati moja na watoto wa mwaka wa nyuma. Hadi leo nikikumbuka nasonya.

Kwa hiyo kesho, kabla ya insha, pakua mihtasari yote pamoja na kazi zako zilizosahihishwa, jitumie kwenye barua pepe yako binafsi. Muulize msajili matokeo yatatumwa lini na kwa nani. Kama uko Ulaya kwenye ECTS, yaani mfumo wa vyuo vya huko wa kuhesabu uzito wa kozi kwa krediti, muhula kamili ni krediti 30, kila moja ikiwa kazi ya saa 25 hadi 30. Zihesabu dhidi ya mkataba wa masomo uliosaini kabla ya kuondoka. Ulibadilisha kozi katikati? Mabadiliko nayo yawe yamesainiwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Akaunti ya benki usiifunge kabla dhamana ya chumba haijarudi, na tarehe ya mwisho ya viza isome kwenye viza yenyewe, siyo kwenye tiketi.

Orodha ya mahali ichane. Nilizunguka miji mitano kwa siku kumi; ninachokumbuka ni vituo vya treni. Nenda tena pale unapopapenda tayari, na yule utakayemkosa, mkae mpaka giza liingie.

Halafu rudisha vitabu vya maktaba. Insha ya kwanza ikiisha, niandikie.