Hisa Yangu ya Mwani: Barua kwa Mwanangu Aliye Moshi

Micheweni, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Bibi yako magoti yamempa nafuu, na kila baada ya alasiri anakuulizia.

Barua yako dada yako alinisomea mara moja, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe mara mbili. Umenieleza mliyofundishwa chuoni, habari ya wakulima wa ngano ngumu wa Dakota Kaskazini, Marekani. Walichoka kuuza ngano ghafi, mwaka 1991 wakaunda ushirika, na mwaka 1993 kiwanda chao cha tambi kikaanza kazi katika mji wa Carrington. Mwaka 2002 wakaugeuza ushirika ule kuwa kampuni, na mwaka 2010 kampuni ikanunuliwa na Viterra ya Kanada. Ukamaliza kwa kuuliza: "Mama, kama hata wale waliishia kuuza, nyinyi mnaochangishana laki laki za hisa za ushirika wa mwani mnakwenda wapi?"

Sikuchukia. Umeuliza jambo ambalo wenzangu wengi wanaliwaza na hawalisemi kwenye mkutano.

Wale hawakuangushwa na ubaya wa tambi. Umeandika mwenyewe kwamba hisa zao zilikuja na wajibu: ukiwa na hisa kadhaa, lazima ulete ngano kiasi kadhaa. Kisha ugonjwa wa ukungu ukaingia kwenye masuke, kilimo cha ngano ile kikasogea magharibi, na mtu akabaki na hisa mkononi na shamba halina kitu. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, maana hilo nalijua kwa viganja vyangu.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki kotonii. Tulikuwa tunapanda mwani wa aina mbili, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo iliyokuwa na bei. Maji yakapata joto. Unaingia asubuhi unaikuta imepauka kwenye vifundo, nyeupe kama mfupa, ukiigusa inakatika, na kamba nzima imebaki na taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mbegu, zinacheza majini. Nilisimama pale na pakacha langu kichwani, sina cha kutia ndani yake. Ningekuwa na hisa inayonidai polo kumi za kotonii, yale magunia makubwa, mwaka ule, ningeuza kitanda. Kwa hiyo mimi siwaoni wale wakulima kuwa wameshindwa. Naona walifunga hisa zao kwa zao moja na hawakuacha mlango wa kutokea, mpaka mlango pekee uliobaki ukawa ni kuuza.

Sasa nije kwetu. Wewe unadhani laki hizi, pamoja na ile niliyokuomba, ni za kiwanda. Nami ningekuwa na fikra hiyo ningekuambia usinitumie hata senti. Mashine tumeshaiona. Miaka ile mradi mmoja ulituletea ya kusagia mwani, ikafunguliwa kwa ngoma na picha. Haikumaliza mwaka, mkanda ukakatika. Kila mtu akasema si yangu. Fundi alitaka elfu sabini, na katika wanawake arubaini hazikupatikana, si kwa umasikini, bali kwa sababu hakuna aliyetoa chake kuinunua. Mpaka leo ipo chini ya turubai, kuku wa jirani wanatagia ndani. Ndiyo maana safari hii nimekuwa wa kwanza kusema kila mtu atoe kwanza, hata kama ni kidogo kidogo kwa awamu.

Na sabuni je? Najua utaniuliza, kwa kuwa kila mgeni anayekuja anatwambia tuongeze thamani tutengeneze sabuni. Mwanangu, sabuni ya mwani ni mafuta ya nazi na kostiki. Mwani wenyewe ni unga wa vijiko. Tulipojaribu, kilo moja ya unga ilitengeneza vipande mpaka tukachoka kukata. Tambi ni ngano tupu, kwa hiyo kiwanda cha tambi kinakula ngano ya mkulima kwa magunia. Sabuni haiwezi kula mwani wetu. Wanaoifanya wanafaidika, nami nawapongeza, hasa kule Unguja kwenye watalii, lakini wanafaidika kwa kazi ya kutengeneza na kuuza sabuni. Yule aliyebaki na polo ishirini za spinosamu ghalani, sabuni haikumpunguzia hata moja.

Kiwanda cha kutoa karajinani, ule utomvu unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, kingekula mwani kwa tani. Nacho kinataka maji matamu mengi, umeme, dawa na wataalamu. Hicho si cha laki zetu.

Tunachotaka kuongeza sisi kiko karibu zaidi. Twende nawe ufukweni siku ya mizani. Mnunuzi anainua polo, analitikisa, mchanga unamwagika, anasema "toa kilo mbili." Polo la pili ni la shangazi yako, aliyeanika juu ya chanja, halina hata punje ya mchanga. Nalo linatikiswa, nalo "toa kilo mbili." Bei moja, makato mamoja. Basi shangazi yako mwaka huu kaacha chanja, anaanika chini kama wengine, na nani atamlaumu? Mwani safi na mwani mchafu vikilipwa sawa, usafi unakuwa kazi ya bure. Tukiwa na mizani yetu, chanja zetu na ghala lisilovuja, mvua ikinyesha mwani usilowe ukapauka, tunaweza kupanga madaraja, tukakusanya mzigo mkubwa na kumwita mnunuzi zaidi ya mmoja. Huo ndio usarifu wa kwanza, na hauna mashine.

Kumbuka na namna mwani ulivyotufikia. Ulipoanza kuwa biashara mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, Unguja, mbegu ilitoka Ufilipino, na wanunuzi ndio waliotupa kamba na taitai. Tulishukuru, na kwa haki. Ila ukichukua kamba ya mtu, mwani ni wa mtu huyo kabla haujaota. Fungu la kwanza la hisa zetu ni la kununua kamba.

Penye hofu yangu hasa ni hapa, na hili naomba uwaulize walimu wako. Umeniandikia pia kuhusu wakulima wa viazi-sukari wa huko huko, vile vya kutengenezea sukari, walioinunua kampuni ya American Crystal Sugar mwaka 1973, na mpaka leo ni yao. Nimejiuliza kwa nini wao wamedumu. Nadhani ni kwa sababu kiazi kile kizito, kinaoza, hakivumilii safari, na hakuna mtu barabarani wa kumuuzia. Mkulima na kiwanda wameshikana, hakuna pa kukimbilia. Mwani mkavu si hivyo. Unakaa, na mnunuzi yupo hatua mia kutoka mlangoni.

Tuseme huyo anatoa shilingi 800 kwa kilo, mkononi. Ushirika unatoa 600 leo na 350 mzigo ukishauzwa, miezi miwili mbele. Ukijumlisha, ushirika umezidi kwa 150. Lakini mwenye mtoto anayetapika usiku anataka 800 ya leo, na mimi ningekuwa yeye ningekwenda kuuza pembeni vilevile. Akienda mmoja si neno. Wakienda ishirini, mzigo tuliomwahidi mnunuzi wa mbali haujai, naye harudi. Tumekaa mkutano mzima watu wanagombezana juu ya uaminifu. Mimi nilisema tuache maneno ya uaminifu, tuweke fedha: sehemu ya hisa ibaki taslimu kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mwenye dharura akope siku hiyo hiyo dhidi ya mwani wake uliopo ghalani. Wengine walinung'unika kwamba fedha zimekaa bure. Hazikukaa bure, ndizo zinazouweka mwani ndani.

Limebaki la hisa zenyewe. Mimi nina miaka hamsini na tisa. Miguu yangu inakufa ganzi nikikaa majini kuanzia maji yanapotoka mpaka yanaporudi, na najua bamvua, zile siku maji yanapokupwa mbali, zilizobaki mbele yangu si nyingi. Nikiacha, hisa yangu iende kwa nani? Ikibaki kwangu, nitakuwa natafuna gawio la mwani wa wenzangu, na kwenye mkutano nitapiga kura ya gawio kubwa badala ya kamba mpya. Wakizeeka wengi kama mimi, siku akija mtu na fedha nyingi sote tutasema "auziwe." Nahofia ndivyo itakavyokwenda, wala hatakuwapo mbaya hata mmoja. Nimependekeza hisa ifuate kamba: mwenye kamba nyingi anunue nyingi, na anayetoka majini arudishiwe alichotoa, achukuliwe msichana mwingine mahali pake. Kura kila mtu moja, iwe ana kamba mia au kumi.

Kwa hiyo laki ninayokuomba nitumie, kama unayo. Iwe ni deni langu kwako, nitalilipa kwa mwani. Hisa yenyewe usiihesabu katika urithi. Ukirudi ukaingia majini utanunua yako, na nitakuonyesha kufunga mbegu mwenyewe.

Bamvua linaingia kesho kutwa, na kamba arubaini zinaningoja. Niandikie kwa Kiswahili chepesi kifungu cha katiba kuhusu mwanachama anayeacha kulima: arudishiwe hisa yake ndani ya muda gani, na kutoka fungu lipi, ili ushirika usikauke wakitoka watu watatu kwa pamoja. Mkutano ni Ijumaa ijayo baada ya sala, nataka nikisome mbele yao.

Mama yako