Kuhema harakaharaka kabla ya kuzamia: unajikatia kengele mwenyewe

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama mdogo wako, anayezamia pweza, akihema harakaharaka mara 30 kabla ya kushuka ni kweli anajaza oksijeni mapafuni. Kukaa chini atakaa muda mrefu zaidi, hilo sibishi. Ila sababu siyo hiyo anayoidhani, na hiyo ya kweli ndiyo inayoua.

Mimi nimezamia pweza upande wa Tanga miaka saba kabla sijaenda kusomea uuguzi. Haya mambo niliyajua kwanza kwa mwili, darasani nikayakuta na majina yake.

Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita ya hewa kwa pumzi moja, mara 12 hadi 16 kwa dakika. Hewa inapita puani, kwenye zoloto (pale kooni sauti inapotokea), inashuka koo la hewa, inagawanyika matawi kwa matawi hadi kwenye vifuko vya hewa, ambavyo ni mamia ya milioni. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, oksijeni inapenya tu na kuingia kwenye damu. Kwa mwenye afya, damu inayotoka hapo inakuwa imeshabeba kama asilimia 97 au 98 ya oksijeni inayoweza kubeba. Gunia likishajaa hivyo, hata uhangaike vipi utaongeza kiganja.

Anachobadilisha mdogo wako ni hewa ukaa, ile gesi chafu tunayoitoa tukipumua. Hiyo anaimwaga nje. Na hewa ukaa ndiyo kengele yetu: shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, husikiliza hewa ukaa zaidi kuliko oksijeni. Wanasayansi Haldane na Priestley walilionyesha jambo hili Uingereza mwaka 1905. Hewa ukaa ikipanda, kifua kinabana, kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinaanza kuruka chenyewe. Kila mzamiaji anaijua ile hali ya tumbo kujipiga, kwamba sasa rudi juu. Ukiimwaga kabla ya kushuka, kengele inachelewa kulia, lakini oksijeni yako inaliwa kwa kasi ileile.

Vijana pia hupenda ile midomo kuwashawasha na vidole kufa ganzi, eti "oksijeni inaingia". Wapi! Hiyo ni dalili kwamba hewa ukaa imeshuka kupita kiasi, na hata mishipa ya damu ya ubongo imejibana.

Sasa kina. Sisi tunapima kwa pima. Pima tano na nusu ni kama mita 10. Hapo mgandamizo ni mara mbili ya juu, na mapafu yaliyoshuka na lita sita yanabanwa kuwa kama lita tatu. Kubanwa huko kunaisukuma oksijeni kwenye damu, kwa hiyo chini unajiona mzima kabisa, unasema ngoja nimalize shimo hili. Unapopanda, mapafu yanatanuka tena, msukumo wa oksijeni unaporomoka, na kidogo kilichobaki hakitoshi tena kwa ubongo. Taa inazima. Ndiyo maana wengi huzimia pima moja au mbili za mwisho, au wakiwa wameshatoa kichwa nje.

Binamu yangu nilimwona kwa macho. Maji mafu, bahari shwari, unaona mpaka mchanga. Alihema pale kando ya ngalawa kama mbwa wa mchana, akashuka, akakaa sana. Akapanda vizuri tu, pweza wawili kwenye mkonjo, ile fimbo yenye ncha ya kuchomea pweza. Karibu na juu miguu ikaacha kupiga. Hakutapatapa. Mkonjo ukamtoka mkononi, akaanza kurudi chini macho wazi ndani ya miwani. Nilimdaka kwapani. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Tukamvua miwani, tukashikilia uso nje ya maji, nikamwita na kumpigapiga shavu, akavuta pumzi moja yenye mlio kama mlango mkavu. Mara nyingi zoloto hujibana mtu akizimia majini, maji hayaingii mara moja. Hizo sekunde ndizo zilizomwokoa. Cha ajabu, alibisha kwamba hajazimia. Mpaka leo anabisha.

Kwa hiyo mwambie dogo apumue kawaida, atulie, mwisho avute pumzi moja kubwa ashuke. Akitoka apumzike juu angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Na wazamie wawili: mmoja chini, mmoja juu anamtazama, asiondoe macho hata baada ya mwenzake kuibuka.

Yule aliyeshauri mpira mrefu wa bustani wa kupumulia, tafadhali. Hewa unayotoa inabaki humo mpirani na unaivuta tena ileile, na hata mita moja tu chini maji yanakikandamiza kifua kiasi kwamba misuli yako inashindwa kukifungua.

Na wewe uliyeandika kwamba miamba ile ina jini anayevuta watu, sitaki ugomvi, nimekulia hukohuko. Ila jini gani huyo anayekuacha ushuke, uchome pweza wawili, upande mpaka uone jua, ndipo akushike?