Saa ya mbizi ya marehemu baba: niing'arishe kabla ya kuiuza?

SWALI: Marehemu baba alikuwa baharia. Ameniachia saa ya Seiko ya kupigia mbizi, nyuma imeandikwa 6309-7040. Uso umechakaa kidogo, pete ya juu ilikuwa nyeusi sasa imekuwa kijivu, na bodi ina mikwaruzo. Nataka kuiuza. Fundi mmoja wa huku kwetu anasema nimpe aitie uso mpya na pete mpya, kisha aipige polishi, ndipo nipate bei nzuri. Nimpe? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu, Mola amrehemu mzee. Usimpe. Kwa mtu anayetaka saa ya kuvaa tu, kazi hiyo haina ubaya. Lakini anayenunua saa kongwe ya mbizi analipia vile vipande vilivyotoka nayo kiwandani, na hayo matatu uliyoahidiwa ndiyo yatakayoviondoa.

Nianze na polishi, kwa sababu uharibifu wake hauna dawa. Bodi ya saa yako imevimba mbavuni mfano wa mto wa kulalia. Juu ina mistari myembamba ya brashi, ubavuni imesuguliwa ikang'aa, na pale zinapokutana sehemu hizo mbili pana ukingo mkali. Pitisha kidole taratibu. Ukiusikia ukingo huo bado umesimama, bodi haijaguswa, na hapo una kitu cha kuuza. Gurudumu la polishi hula chuma, ukingo ukalainika, na mistari ya brashi ikapotea. Mikwaruzo ya kazini mnunuzi anaivumilia. Umbo lililoliwa halivumilii. Geuza saa utazame na mfuniko wa nyuma: pamechongwa wimbi la bahari. Likiwa limelainika kwa jasho la miaka mingi si neno, ila likifutika kabisa watu huanza kushuku.

Hapo hapo nyuma mna namba yenye tarakimu 6. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa O, Novemba N, Desemba D. Aina hii ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988, kwa hiyo ikianza na 4 ni ya 1984 bila ubishi, lakini ikianza na 7 inaweza kuwa ya 1977 au ya 1987. Iandike namba hiyo kwenye tangazo lako. Ukiificha, mnunuzi makini anapita.

Sasa uso. Nyuso za kuiga za aina hii zimezagaa, na wakusanyaji wanazijua. Chukua lenzi, soma vile viherufi vidogo kabisa chini kabisa ya uso, pale ukingoni penye alama ya 6: uso wa asili una namba ya aina ya saa, na herufi zake ni nyembamba, zimenyooka. Kwenye wa kuiga mara nyingi ni nene au zimekaa upande. Kisha linganisha rangi ya ule unga wa kung'aa gizani ulioko usoni na ule wa kwenye akrabu. Vikiwa vimezeeka pamoja vitakaribiana rangi. Akrabu nyeupe pepepe juu ya uso wenye unga wa manjano zimebadilishwa. Na hiyo pete yako ya kijivu iache ilivyo. Rangi ya alumini imepauka kwa jua, na wapo wanaoitafuta hivyo hivyo.

Kwa wenye saa za Uswisi, unga ndio shahidi mkubwa. Zile zilizoandikwa T SWISS T chini ya uso zilitiwa tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Ya miaka ya 1970 ikiwaka sana gizani leo, ujue unga umepakwa upya, na bei ishuke. Za zamani zaidi zilitumia radiamu, maada yenye mionzi isiyokwisha upesi hata kama mng'ao umekufa. Hizo usizifungue nyumbani wala kuukwaruza unga wake.

Kama una senti za kutumia, zitumie ndani. Hapa Mombasa adui ni chumvi. Raba ya mfuniko hukauka ikawa ngumu, hewa yetu ya unyevu ikaingia, na kutu huanzia kwenye shina la ufunguo kabla haijafika kwenye mashine. Tafuta fundi mwenye kifunguzi kinachoshika vizuri mfuniko wa nyuma, asiyetumia bisibisi na nyundo, maana alama za bisibisi nazo hupunguza bei. Aisafishe mashine, atie mafuta na raba mpya, basi. Akibadilisha kipande chochote, mdai akurudishie cha zamani, ukiuze pamoja na saa. Piga picha mfuniko ukiwa wazi. Picha ya mashine safi inauza kuliko maneno.

Boksi na karatasi zikiwepo ni heri. Zisipokuwepo, tafuta picha ya mzee akiwa melini na saa mkononi, pamoja na kitabu chake cha ubaharia. Kwa Seiko havitaongeza sana, ila vinamtuliza mnunuzi. Kwa Rolex zilizotengenezewa Comex, kampuni ya wapiga mbizi ya Ufaransa, historia ya aina hiyo huzidisha bei mara nyingi, ndiyo maana nembo hiyo nayo hughushiwa.

Bei ya kweli iko kwa wakusanyaji wa mtandaoni. Maduka ya vito ya mjini mara nyingi yatakupimia kama saa kuukuu tu. Ikiwa nzima na ya asili, 6309 hufika mamia kadhaa ya dola. Na ukisubiri mteja, usiogelee nayo, hata kama imeandikwa mita 150 na raba ni mpya.